Mkataba wa taka kwa kliniki za meno Dar: unacholipia na kinachokubakia mkononi

Ukifungua kliniki ya meno Sinza, Upanga au Mbezi Beach, kiti hakijamaliza kufungwa atakuja mtu na mkataba wa kuzoa taka. Kifurushi chenyewe hakitofautiani sana kati ya kampuni na kampuni: dastibini tatu za kukanyaga kwa mguu, mifuko ya rangi, sefti boksi (maboksi ya kutupia sindano) kadhaa, gari linalopita mara moja kwa wiki, na karatasi ya kumwonyesha afisa afya akija kukagua. Kwa zahanati ya kuchoma sindano na kufunga vidonda, kinatosha na kubaki. Kwa kliniki ya meno kinafanya kazi nusu. Tunakipa nyota tatu kati ya tano. Mbili zilizokatwa daktari azijue kabla ya kutia saini, kwa sababu taka za kliniki zikiokotwa mtaroni, anayetafutwa wa kwanza ni aliyezizalisha.

Ndoo, mifuko na bili

Rangi ni zile zile za vituo vyote vya afya: nyeusi au bluu kwa taka za kawaida, njano kwa zenye maambukizi, nyekundu kwa zenye maambukizi makali, yakiwemo meno na vipande vya nyama. Ndoo ni nzuri kwa bei yake, ila tazama pedali. Ile ya plastiki inayovuta kifuniko kwa kijiwaya hufa mapema, na ikishakufa nesi anafungua kwa mkono wenye glovu yenye damu, yaani ndoo imegeuka kitasa cha kila mtu. Dai pedali yenye fito ya chuma. Dai pia ndoo ndogo, lita 10 hadi 15 kando ya kiti. Ndoo kubwa inashawishi watu waisubiri ijae, na kuisubiri ijae ni kulaza pamba za damu siku tatu ndani ya chumba. Mifuko usiiamini kwa macho: mimina lita tatu za maji, ning'iniza kwenye ndoano kwa saa moja. Ukiona tone kwenye mshono, rudisha bunda zima.

Gari linatoza kwa kilo, kwa hiyo uzito ndio bili. Watu hudhani damu na pamba ndizo zinazopandisha kilo. Siyo. Ni alginati, ile ya kuchukulia umbo la meno, na plasta ya kumiminia modeli zake. Alginati iliyoganda ni maji kwa sehemu kubwa, na modeli kumi za plasta zinakaribia au kuzidi kilo moja. Vyote viwili, vikishaoshwa na kutakaswa kama inavyotakiwa kabla ya kupeleka maabara ya meno, si taka za njano tena; ni mfuko mweusi. Hali kadhalika katoni za glovu, karatasi za kufutia mikono, upande wa plastiki wa pochi za otoklevu (mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke), na bibu ambayo haikupata damu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika taka za vituo vya afya karibu asilimia 85 ni za kawaida tu. Kliniki inayojaza njano kuliko nyeusi inalipia kuchomewa karatasi. Plasta nayo isiende sinki hata chembe: inaganda ndani ya maji vilevile, na fundi bomba atakuja kukuthibitishia.

Njano iachiwe vyake: pamba na gozi zenye damu au mate mengi, glovu, barakoa, mirija ya kunyonya mate. Mirija hiyo, kama ni ya plastiki ya PVC, ina tatizo lake ambalo tutalifikia kwenye moshi.

Jino lililong'olewa ni la nyekundu, isipokuwa mawili. La kwanza ni la mgonjwa anayelitaka. Watoto wengi bado wana paa la kulirushia. Lioshe, lifunge kwenye karatasi, mpe. La pili ni jino lenye kizibo cha fedha, yaani amalgamu, na hilo halipaswi kuona moto wa aina yoyote.

Sefti boksi: nyota ya kwanza inapoanguka

Boksi la katoni la lita 5 limeundwa kwa bomba la plastiki lenye sindano yake: unachoma, unatumbukiza vyote viwili, umemaliza. Linameza mabomba kama 100. Bomba la ganzi la meno halifanyi hivyo. Ni la chuma, linarudi otoklevu, na sindano yake inafunguliwa kwa kuzungushwa. Vidole huchomwa mara mbili katika safari hiyo: wakati wa kurudisha kifuniko, na wakati wa kufungua. Boksi la katoni halina mdomo wa kukamata kitako cha sindano, kwa hiyo kazi yote inaachiwa vidole vya nesi. Kampuni inakupa boksi la chanjo na kukuambia ni la meno.

Dawa yake ipo na si ghali. Nunua mwenyewe kopo gumu la plastiki lenye mkato mdomoni: unaingiza kitako, unazungusha bomba, sindano inadondoka bila kuguswa. Ukikosa, basi kifuniko kirudishwe kwa mkono mmoja tu. Kifuniko kinalala kwenye trei, sindano inakichota kama kijiko kinavyochota wali, kisha bomba linasimamishwa wima na kifuniko kukandamizwa kwenye trei hadi kibane. Mkono wa pili unakaa mgongoni mpaka hapo. Anayeshika kifuniko kwa vidole viwili "kwa sababu amezoea" ndiye atakayejaza fomu ya ajali.

Hesabu ya ajali hiyo inajulikana. Sindano yenye damu ya mwenye homa ya ini B inaweza kumwambukiza asiyechanjwa kwa kiwango kinachofika asilimia 30. Homa ya ini C ni karibu asilimia 1.8, VVU karibu asilimia 0.3. Dawa za kinga ya VVU zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayopotea inapunguza nguvu yake. Chanjo ya homa ya ini B ni dozi tatu: leo, baada ya mwezi, na mwezi wa sita tangu ya kwanza. Daktari huwa amechanjwa. Nesi pengine. Dada wa usafi, ambaye ndiye anayebeba mfuko kushuka ngazi, mara nyingi hakuna aliyemuuliza.

Kuhusu kujaa. Chukua kliniki inayochoma ganzi wagonjwa kumi kwa siku. Sindano za meno ni fupi na nyembamba. Zikiwekwa peke yake, boksi la lita 5 linakaa miezi mitatu au zaidi kabla ya kufika robo tatu, mstari wa kulifunga. Zikiingia na katriji, vile vichupa vya ganzi vya mililita 1.8, linafika kwa mwezi na zaidi kidogo. Kwa hiyo katriji ndizo zinazojaza. Na miezi mitatu kwa boksi la katoni katika unyevu wa Dar, tena likiwa limewekwa chini ya sinki, ni mingi: kitako kinafyonza maji, kinalainika, na siku ya kulinyanyua sindano zinatokea chini. Liwe ukutani, usawa wa kiwiko, mkono mmoja kutoka kwenye kiti, na kila kiti na lake. Kutembea na sindano wazi kwenda kutafuta boksi chumba cha pili ni hatari kuliko kutokuwa na boksi.

Katriji zina jambo jingine. Ni kioo kilichofungwa ncha zote mbili, kwa mpira na kwa bati. Zikiingia tanurini zikiwa na masalio ya dawa, zinapasuka kama bisi, na kioo kinayeyuka na kugandamana na chuma cha kushikilia moto. Waendeshaji wa vichomea taka wanazichukia, na wana haki. Iliyovunjika au yenye damu iende na vyenye ncha kali. Nzima zikusanywe kwenye gudulia gumu lililoandikwa KATRIJI, na mkataba useme wazi nani anazichukua.

Vingine vya ndani ya boksi ni faili za mzizi, vichwa vya drili vilivyoisha, nyembe, sindano za kushonea, bendi za kuzungushia jino, na waya za kunyooshea meno. Hizo waya zinasahaulika kuliko zote. Zikikatwa vipande zinaonekana kama uchafu mdogo, zinatupwa kwenye njano, na zinakuja kumchoma kijana wa gari anayebana mfuko kifuani ili apate mkono wa kushika ngazi.

Gari la mara moja kwa wiki

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa nchi za joto ni kuwa taka zenye maambukizi zisikae zaidi ya saa 48 msimu wa baridi, na saa 24 msimu wa joto. Mkataba wa kawaida unasema wiki. Mtu yeyote aliyefungua ndoo nyekundu siku ya sita mwezi Februari anajua mwongozo ulitungwa kwa nini.

Kliniki nyingi ziko ghorofani juu ya maduka, hazina ua. Taka zinasubiri chini ya ngazi, jirani na jenereta. Unachohitaji ni kabati lenye kufuli, sakafu ya vigae inayooshwa, tundu la hewa lenye wavu, na si pale kwenye stoo ya vifaa safi. Mfuko mwekundu, ambao kwa kliniki ya meno ni kiganja tu kwa siku, ukae kwenye friza ndogo isiyohifadhi kitu kingine chochote, na iandikwe hivyo kwa herufi ambazo hata mlinzi wa usiku mwenye njaa atazisoma. Mara mbili kwa wiki, ingawa bado haifikii mwongozo huo, ndiyo kiwango cha chini tunachoshauri kwa njano. Kliniki tatu za jengo moja zikiungana, safari inagawanywa na kampuni hukubali kirahisi. Andikeni pia itakuwaje masika: mvua zikifunga Jangwani gari haliji, na mkataba usiosema kitu kuhusu siku hizo unakuachia mzigo wewe.

Njia ya mkato mnaijua. Mifuko ya njano inatumbukizwa ndani ya mweusi na kupelekwa kwa mkandarasi wa taka wa mtaa, gari linaishia dampo la Pugu Kinyamwezi, na kule wapo watu wanaochambua kwa mikono kutafuta chupa. Hatuhitaji kuendelea.

Amalgamu, ambayo mkataba hauijui

Nyota ya pili inaanguka hapa. Soma kifurushi toka juu mpaka chini: damu imo, ncha kali zimo, zebaki hakuna.

Kizibo cha fedha ni zebaki kwa karibu nusu ya uzito wake. Kapsuli ya dozi moja ina kama miligramu 400 za unga wa aloi, na zebaki karibu kiasi hicho hicho. Zebaki huchemka kwa nyuzi 357. Kichomea taka kinapaswa kupita 800. Kwa hiyo kipande cha amalgamu kilichoingia mfuko wa njano hakiteketei, kinapanda na moshi kikawa mvuke na kushuka kwa majirani.

Jibu linalosikika zaidi ni kwamba "sisi tulishaacha amalgamu, tunaziba kwa rangi ya jino." Vizuri. Na vile vizibo vya zamani mnavyotoboa na kuviondoa kila wiki vinaenda wapi? Kliniki isiyoweka amalgamu hata moja bado inazalisha taka yake kwa kila kizibo kinachobadilishwa, tena kwa umbo baya zaidi, tope laini lililochanganyika na maji. Chujio la kwenye kiti lina matundu ya kama milimita 0.7; linakamata vipande, tope linapita. Kutoka hapo ni chemba, kisha bomba la majitaka la DAWASA kama mtaa umebahatika kuwa nalo, au karo. Karo likijaa, gari linanyonya na kwenda kumwaga kwenye mabwawa kama ya Vingunguti. Hakuna hatua hata moja katika safari hiyo iliyotengenezwa kwa ajili ya kutoa zebaki.

Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki ulianza kutumika mwaka 2017 na Tanzania ni mwanachama. Nyongeza ya mwaka 2022 inazuia kutumia zebaki ya kumimina kutoka kwenye chupa, na inataka nchi zizuie, au zishauri isitumike, amalgamu kwa watoto chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, ila daktari akiona hakuna budi. Mwenye chupa ya zebaki kabatini tangu enzi za kusaga kwa kinu, hiyo ni taka hatarishi leo, si mali.

Kifaa kinachotakiwa ni kitenganishi cha amalgamu kinachofuata kiwango cha ISO 11143, yaani kinachokamata angalau asilimia 95. Kipo cha kuzungusha kwa mota na kipo cha kutuamisha tope. Kwa umeme wa mjini hapa tunachagua cha kutuamisha bila kusita, hakina cha kuzimika. Mafundi hukosea sehemu mbili. Kwanza wanakiunga kwenye bomba la saksheni (la kunyonya mate) peke yake, na sinki la kutemea linaendelea kumwaga moja kwa moja kwenye chemba, wakati mgonjwa anatema sehemu ya tope pale. Pili wanakibana nyuma ya kabati mahali ambapo kopo lake halitoki bila kuvunja mbao. Kikae kabla ya pampu, mkono ufike, na kiwango cha tope kionekane. Kikague kila wiki. Badilisha kopo likifika mstari au likitimiza mwaka, lolote litakalotangulia. Na kabla ya kununua, muulize muuzaji kama anapokea kopo lililojaa. Asipopokea, umenunua mtungi wa zebaki wa kuhifadhi.

Sasa Jik. Nchi nzima imezoea klorini ya asilimia 0.5: Jik ya asilimia 3.5 sehemu moja, maji sehemu sita, na kwa sakafu na damu iliyomwagika hatuna ugomvi nayo. Ugomvi ni jioni, pale nesi anapovuta lita nzima ya mchanganyiko huo kwa mpira wa saksheni "kuua harufu". Klorini inayeyusha zebaki kutoka kwenye chembe za amalgamu, na zebaki iliyoyeyuka inapita kwenye kitenganishi kama haikioni. Inakula pia vyuma vya pampu. Tumia kisafishio kisicho na klorini, chenye pH kati ya 6 na 8. Harufu, kwa kawaida, ni ya chujio ambalo halijatolewa mwezi mzima.

Kama kitenganishi bado, cha chini kabisa ni gudulia la plastiki lenye mdomo mpana na kifuniko cha kuzungusha. Chujio la kiti litolewe kila wiki na kugongwa ndani yake, lisisuuzwe kwenye sinki, maana kusuuza ni kumalizia kazi ambayo chujio lilikataa kuifanya. Masalio ya kuziba na kapsuli tupu viingie humo. Meno yenye vizibo yapate gudulia la pili, yakitakaswa kwa dawa ya maji. Yakiingia otoklevu yatageuza chumba kuwa cha mvuke wa zebaki. Ule mtindo wa zamani wa kuyafunika kwa maji ya kusafishia filamu za eksirei uachwe, unazaa taka mbili ndani ya chupa moja.

Eksirei, kwa ufupi

Wenye sensa ya dijitali waruke. Wenye filamu: kila pakiti ina karatasi ya risasi ndani. Itenge kwenye kopo lake. Risasi inayeyuka kwa nyuzi 327, jiko la mkaa linaiweza, na ndiyo maana isiende kwa wanunuzi wa vyuma chakavu: mtu ataiyeyusha uani kutengeneza chubwi za mishipi, watoto wakiwa pembeni. Fiksa iliyotumika, moja ya maji mawili ya kusafishia filamu, ina madini ya fedha, iwe na dumu lake, isichanganywe na developa, yale maji ya pili, wala kumwagwa. Mashine yenyewe ikichakaa, leseni yake iko Tume ya Nguvu za Atomiki (TAEC), na kuiondoa kunaanzia huko.

Moshi na karatasi

Uliza taka zinachomwa wapi, kisha nenda ukaone. Kichomea kinachostahili kina vyumba viwili, na cha pili, cha kuchoma moshi, kinafika nyuzi 850 au zaidi kikiwa na kipimajoto kinachosomeka. Vile vidogo vya matofali vinapata shida kushika joto hilo, hasa vikilishwa mifuko yenye maji. Moshi mweusi unaoendelea baada ya kuwashwa ni jibu tosha. Hapo ndipo PVC inapoleta balaa: ikiungua kwa joto hafifu inatoa sumu ya dioksini. Nunua mirija ya kunyonya isiyo ya PVC, lebo inasema. Kampuni inayotumia otoklevu kubwa na mashine ya kusaga badala ya moto inastahili pongezi kwa mfuko wa njano, ila katriji, dawa na meno yasiende huko.

Kibali chao chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kisomwe mstari kwa mstari. Kukusanya, kusafirisha na kuteketeza ni kazi tatu. Mwenye kibali cha kusafirisha anakuhakikishia safari, hakuhakikishii mwisho wake. Karatasi ya thamani si ile dereva anayoacha mezani siku ya kuchukua. Ni nakala inayorudi kutoka kwa mchomaji ikiwa na tarehe, kilo na muhuri. Weka kwenye mkataba kwamba ankara ya mwezi hailipwi bila nakala hizo.

Kilo nazo zihesabiwe na pande mbili. Mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki, itundikwe kwenye mlango wa kabati la taka. Mfuko ukifungwa unapimwa, unaandikiwa tarehe na kilo kwa kalamu ya wino mzito, na namba hiyo hiyo inaingia daftarini. Dereva akija na mizani yake inayosoma zaidi, mifuko inarudi kwenye ndoano mbele yake kabla haijashuka ngazi.